Kishikwambi au laptopu nyepesi: namna ya kuamua kabla ya kutoa hela

Anayeuliza anunue kishikwambi (tablet) au laptopu, karibu kila mara anauliza akiwa na kifaa cha tatu mkononi, nacho ni simu. Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Simu yako tayari inafungua WhatsApp, YouTube, barua pepe na PDF, inanunua umeme wa Luku na kulipa ada ya mtoto. Kishikwambi kinafanya hayo hayo, ila kwa kioo kikubwa. Kwa hiyo mpinzani wa kwanza wa kishikwambi ni simu uliyonayo. Kama hakitaweza jambo lililoishinda simu, utakuwa umenunua simu ya pili isiyoingia mfukoni.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtu mzima mwenye simu nzuri na hela ya kifaa kimoja tu, laptopu nyepesi iliyotumika ndiyo inayomwongezea uwezo ambao hakuwa nao. Wapo watu ambao ushauri huo hauwafai hata kidogo, nao nitawafikia.

Hatua ya kwanza: andika simu inapokushinda

Kwa wiki moja, kila simu inapokukwamisha, andika mstari mmoja kwenye daftari. Usiandike unachotamani, andika kilichokwama. Orodha inaweza kutoka hivi:

– Barua ya maombi ya kazi imevurugika mpangilio nilipoirekebisha.
– Jedwali la kikoba lina safu kumi na mbili, naona tatu tu.
– Mchoro wa moyo kwenye kitabu cha biolojia hausomeki.
– Mtoto kang'ang'ania simu, mteja kapiga sijapokea.

Mistari miwili ya kwanza ni ya laptopu. Wa tatu ni wa kishikwambi. Wa nne nao ni wa kishikwambi, tena cha bei ndogo, maana hapo shida ni kugombania kifaa, si nguvu ya kifaa. Ukikuta malalamiko yako mengi ni ya kuona, kusoma na kuchora, kishikwambi kinakutosha. Ukikuta ni ya kuandika kurefu, kupanga, kukokotoa na kufungua faili tatu kwa pamoja, hakuna kishikwambi kitakachokuponya. Kibodi ya kwenye kioo inameza karibu nusu ya ukurasa, na kuhariri aya kwa kidole ni adhabu.

Mfano mzuri wa kazi iliyoumbwa kwa kishikwambi ni sensa. Kenya ilihesabu watu mwaka 2019 na Tanzania Agosti 2022, na kote makarani walizunguka na vishikwambi. Karani anasimama mlangoni, anauliza, anagusa jibu, anakwenda nyumba ya pili. Hakai mezani, haandiki insha. Baada ya sensa ya Tanzania vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu, na hapo kazi ikabadilika: kusoma kitabu cha kiada na kuonyesha video darasani ni sawa, lakini matokeo ya wanafunzi mia mbili, yenye wastani na nafasi ya kila mmoja, yanataka kibodi na kipanya. Kifaa ni kile kile, jibu limebadilika kwa sababu ya kazi.

Wengine ambao ningewaambia wachukue kishikwambi bila kusita: mwanafunzi wa udaktari au sheria anayeishi ndani ya PDF na kuandika pembeni kwa kalamu, fundi nguo anayechora mishono na kumwonyesha mteja, mzee mwenye macho mazito anayetaka kusoma magazeti na kuwaona wajukuu walioko Muscat au Minnesota, na mtu ambaye tayari ana kompyuta ofisini, anachotafuta ni cha kushika kitandani.

Hatua ya pili: kagua programu usizoweza kuzikwepa

Kabla ya kufikiria kioo wala rangi, jiulize kama kuna programu moja ambayo bila hiyo kazi au masomo yanasimama. SPSS, Stata, AutoCAD, Tally, QuickBooks ile ya kusakinisha: hizi ni za kompyuta. Excel ya kwenye kishikwambi inafungua faili vizuri, lakini haiendeshi makro, yaani amri ndogo zilizofichwa ndani ya faili zinazofanya hesabu na ukaguzi zenyewe. Hili si jambo dogo. Wakenya waliowahi kujaza ritani ya KRA, mamlaka yao ya kodi, kwa ile fomu ya Excel wanajua kwamba makro zisipowashwa hutoki hapo. Kampuni nyingi nazo zina fomu za bajeti za namna hiyo.

Jambo jingine lisiloandikwa kwenye boksi: Microsoft huruhusu kuhariri Word na Excel bure kwenye kifaa chenye kioo kisichozidi inchi 10.1. Vishikwambi vingi vya sasa vina inchi 11, na hapo utadaiwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Google Docs ni bure kwa kioo chochote, ila washa hali ya kutumia bila intaneti ukiwa bado na bando, si baada ya kuisha.

Kuchapa nako kuna adha yake. Mwenye laptopu anakwenda steshenari na flashi. Mwenye kishikwambi mara nyingi anaishia kumtumia mwenye duka nyaraka kwa WhatsApp, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vikiwemo, navyo vinabaki kwenye kompyuta ya watu. Na kama unategemea projekta, usidhani tundu la USB-C linatosha. Vishikwambi vingi vya bei ya kati, Samsung Galaxy Tab A9+ kikiwa kimojawapo, havitoi picha kwa waya. iPad ya kawaida yenye USB-C inatoa, kwa kununua kiungo cha HDMI, tundu la waya wa projekta na TV.

Hatua ya tatu: hesabu umeme na bando

Hapa kishikwambi kina hoja, na ninaikubali. Betri yake ni ndogo kwa namba lakini kinakula kidogo. Powabenki ya mAh 20,000 ina nishati ya karibu Wh 74 (Wh ni saa-wati, kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri), na sehemu hupotea njiani kama joto. Kishikwambi chenye betri ya mAh 7,040 kinahitaji kama Wh 27, hivyo powabenki hiyo itakijaza karibu mara mbili. Laptopu yenye betri ya Wh 60 haitajaa hata mara moja, tena itachaji tu ikiwa ina tundu la USB-C la kuchajia na powabenki inatoa wati 45 au zaidi. Powabenki nyingi za barabarani hazifiki huko. Kwa anayeishi na umeme wa jua wa paneli ndogo, au mahali ambapo umeme ukikatika asubuhi unarudi jioni, hoja hii peke yake inaweza kuamua.

Bando ni hadithi hiyo hiyo. Kishikwambi chenye laini kinajitegemea. Laptopu utaiunganisha na hotspoti ya simu, na Windows ikidhani imefika kwenye waifai ya bure itaanza kushusha masasisho ya ukubwa wa gigabaiti kadhaa huku wewe umefungua barua pepe moja. Dawa ipo, nimeiweka mwishoni. Ila kama kila megabaiti unaihesabu, jua kwamba laptopu ina njaa zaidi.

Kwa vumbi na chumvi ya pwani, kishikwambi hakina feni wala matundu mengi, kwa hiyo hakivuti uchafu ndani. Laptopu yenye feni inataka kufunguliwa na fundi na kupulizwa mara moja moja. Upande wa pili, kishikwambi kikidondoka kioo ndiyo mwili wake wote, na bei ya kioo kipya inaweza kukaribia bei ya kifaa.

Hatua ya nne: jumlisha vyote, uzito nao

Bei ya kishikwambi iliyo kwenye tangazo ni ya kishikwambi kitupu. Ongeza kava lenye kibodi, ongeza kalamu, ongeza kioo cha kinga. Mara nyingi ukimaliza kujumlisha unajikuta umefikia bei ya laptopu nzuri iliyotumika. Uzito pia: kishikwambi cha inchi 11 kina kama gramu 480, lakini kava zuri la kibodi linaweza kukifikisha karibu kilo moja, wakati MacBook Air ya inchi 13 ina kilo 1.24 na ThinkPad X1 Carbon inacheza kwenye kilo 1.1. Laptopu za ofisi za inchi 14 zinazopatikana kwa wingi madukani kwetu zina kilo moja na nusu hivi. Kama ulikimbia laptopu kwa sababu ya bega, na kibodi utainunua tu, faida ya uzito imeshaondoka.

Kuna wanaotaka kukwepa uamuzi kwa kununua kifaa cha mbili kwa moja, kama Microsoft Surface Pro. Kipya ni kifaa kizuri. Kilichotumika nakiogopa: kioo kimegandishwa kwa gundi, betri ikichoka mafundi wengi wanakirudisha, na kibodi yake huuzwa kando. Ukikipata chenye kibodi na betri nzima, chukua. La sivyo, pita.

Hatua ya tano: kama umeamua kishikwambi

Usiende chini ya RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kama hela inaruhusu, GB 8 na 128. Kuwa macho na vile vyenye majina usiyoyajua vinavyoandikwa GB 12 na GB 512 kwa bei ya simu ndogo. Sehemu ya hiyo RAM mara nyingi ni hifadhi iliyokopwa na kuhesabiwa kama RAM, na hifadhi yenyewe inaweza kuwa ya kubuni. Jaribu kunakili filamu kadhaa kutoka flashi kisha zicheze. Kama faili zinaharibika, umejua.

Chagua chenye laini kama hutakuwa karibu na waifai. Kilichotoka Marekani kinaweza kuwa cha waifai pekee au kufungwa kwa mtandao mmoja wa huko, hivyo weka laini yako palepale dukani, upige au ufungue ukurasa mmoja. Bonyeza *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, na unaweza kutuma IMEI kwenda 15090 kuihakiki.

Kwa iPad iliyotumika, mmiliki wa kwanza lazima awe ametoka kwenye akaunti yake ya Apple. Kwa Android ni akaunti ya Google. Mwombe muuzaji akirudishe kifaa kwenye hali ya kiwandani mbele yako, halafu ukiwashe na kuingia kwa akaunti yako mwenyewe. Kikiuliza barua pepe ya mtu mwingine, hata kama muuzaji anaapa kwamba fundi wake atatoa, kirudishe mezani.

Hatua ya sita: kama umeamua laptopu

Soko letu limejaa mashine zilizotumika ofisini Ulaya na Marekani, nyingine zikipitia Dubai, hadi Kariakoo, Dar, na Luthuli Avenue, Nairobi. Ni mashine imara kuliko mpya za bei ile ile. Laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, yenye prosesa dhaifu ya Celeron na hifadhi ya polepole ya eMMC ya GB 64, itakuchosha ndani ya mwezi. Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya hiyo nafasi.

Ulizia kwanza kizazi cha prosesa, ubongo wa mashine. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Namba inasomeka hivi: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Wauzaji wengine huweka Windows 11 kwa njia ya mkato kwenye i5-6300U, mashine ikawaka vizuri mbele yako, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho huko mbele. Mashine ya kizazi cha 6 ichukue kwa bei ya kizazi cha 6, na uwe tayari kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Majina ya kuulizia: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5. Zote ni za inchi 14, zote zina HDMI, na nyingi zake ni kizazi cha 8, ila hakikisha, maana zilitoka pia na kizazi cha 7. T480 naipenda kwa sababu betri yake ya nyuma inachomoka kwa mkono na RAM inaongezwa. X1 Carbon na MacBook Air ni nyepesi zaidi, lakini RAM imeunganishwa kwenye bodi: unayonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Chukua RAM ya GB 8 kwa uchache, na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256.

Hatua ya saba: dukani, kabla ya kulipa

Nenda mchana, beba flashi na simu yenye bando, na usikubali kukaguliwa kwa haraka na kijana anayekushikia mashine. Kaa, iweke mezani.

Izime kabisa, kisha iwashe huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila kabla ya kukuingiza kwenye mipangilio ya ndani, iache. Ni kufuli la kampuni iliyokuwa ikiimiliki.

Ndani ya Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, uone RAM ni ngapi na diski ni SSD kweli.

Halafu betri, ambapo wengi wanapigwa. Asilimia inayoonekana pembeni ya kioo haikuambii kitu. Betri iliyochoka nayo huonyesha 100. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuonyesha faili lilipohifadhiwa. Lifungue, tafuta mistari ya DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni uwezo uliobaki. Ukikuta 60,000 na 39,000, imebaki asilimia 65. Hiyo ni hoja ya kushusha bei. Ikiwa chini ya 50, ama wabadilishe betri ama upunguziwe gharama yake yote, na ujue betri nyingi za kubadilishia si za kampuni yenyewe.

Fungua Notepad ubonyeze kila herufi. Nyingi kati ya mashine za Ujerumani zina Z na Y zilizobadilishana nafasi, za Ufaransa zinaanza na AZERTY. Kwa msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi hiyo AZERTY huenda ndiyo aliyozoea. Kwa wa Dar ni usumbufu, na stika za kubandika juu ya herufi hutoka kwa jasho. Chaja nayo angalia: ikiwa na pini mbili za duara, wakupe waya wa pini tatu za mraba, usiondoke na adapta inayocheza kwenye soketi.

Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote, tafuta madoa. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Washa kamera, cheza wimbo, funga na fungua bawaba usikilize kama inalia. Unganisha na hotspoti yako. Kama muuzaji ana muda, airudishe Windows kwenye hali ya kiwandani mbele yako na kuiunganisha na intaneti wakati wa kuianzisha. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni au chuo na kudai barua pepe ya huko, bado ni mali ya mtu kwenye mfumo, na itakufungia siku usiyotarajia.

Mwisho risiti ya kodi: ya EFD Tanzania, ya eTIMS Kenya, namba ya mashine ikiwa imeandikwa juu yake pamoja na muda wa dhamana. "Tutaelewana bosi" si dhamana.

Hatua ya nane: siku za mwanzo

Kwenye laptopu, fungua mipangilio ya mtandao, chagua hotspoti yako na uwashe alama ya metered, yaani mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Hapo Windows huacha kushusha masasisho mengi yenyewe. Utayashusha ukifika penye waifai. Zima pia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, isipandishe picha zako zote bila kuuliza. Kama mashine inaruhusu kuweka ukomo wa chaji kwenye asilimia 80 na wewe unakaa nayo kwenye umeme kutwa, weka.

Kwenye kishikwambi, weka nywila na uwashe huduma ya kukitafuta kikipotea. Kama ni cha watoto, weka Family Link, programu ya Google ya mzazi kudhibiti kifaa cha mtoto, kabla hujawakabidhi, kwa sababu wakishazoea uhuru kazi inakuwa ngumu.

Kisha kitumie kwa nguvu muda wote wa dhamana: mikutano ya video, kuchaji hadi kujaa na kushusha hadi kuisha, kukiacha kikiwaka saa nyingi wakati wa joto. Kasoro za kifaa kilichotumika hujitokeza kikishapata moto, na ikitokea hivyo kirudishe siku hiyo hiyo, na risiti mkononi.